Kupiga Hema Kando ya Mto

Kila mwaka likizo inapokaribia, vijana hunijia na swali lile lile: «Mwalimu, mwaka huu tutapiga kambi wapi?» Nami najua jibu wanalolitamani. Hawataki uwanja wa shule, wala bustani ya misioni, mahali walipopazoea. Wanataka kando ya mto. Wanataka maji yapitayo, mchanga wa kuchezea, samaki wa kuvua, na usiku wa kusimuliana hadithi karibu na moto. Siwalaumu, maana mimi mwenyewe napapenda mahali pa namna hiyo. Lakini tangu usiku mmoja, ambao nitawaeleza mbele kidogo, sijibu tena upesi kama nilivyokuwa nikijibu zamani.

Leo basi tuzungumze juu ya jambo hilo: kulala hemani kando ya mto, mahali pasipo nyumba, pasipo bomba la maji wala taa. Ni jambo jema, lenye mafundisho mengi kwa watoto na kwa jamaa nzima. Lakini lina sharti moja kubwa, na mtu asiyelijua sharti hilo asithubutu kuwachukua watoto wa watu akawalaze huko.

Desturi hii ilivyoanza

Babu zetu hawakuhitaji kufundishwa kulala porini. Wawindaji, wavuvi, wachukuzi na wafanya biashara walilala njiani. Walijijengea vibanda vya matawi na majani, na asubuhi wakaviacha wakaendelea na safari. Wako wavuvi wa Lualaba na wa ziwa Tanganyika ambao hata leo hufanya hivyo msimu wa samaki ufikapo. Kwao kulala kando ya maji si mchezo, ni kazi ya kujipatia chakula.

Kulala hemani kwa ajili ya kupumzika na kujifunza ni desturi nyingine, nayo ilienea hasa kutoka Uingereza. Huko alikuwako mshona nguo mmoja jina lake Thomas Hiram Holding, aliyependa kusafiri kwa mtumbwi na kwa baiskeli. Alijitengenezea mahema mepesi ya kuchukuliwa safarini, na katika mwaka 1901 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha wapanda baiskeli walalao hemani. Mwaka 1908 alitoa kitabu kinene cha kuwafundisha watu ufundi huo.

Mwaka mmoja kabla ya kitabu hicho, katika mwezi wa Agosti 1907, jemadari Robert Baden-Powell aliwakusanya wavulana kama ishirini katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Wengine walikuwa watoto wa matajiri, wengine watoto wa wafanyakazi. Wote walilala katika mahema ya namna moja na kula chakula kimoja, na kazi za kambi walizifanya kwa zamu. Hiyo ndiyo mbegu ya Skauti, chama kilichoenea baadaye ulimwenguni kote, hata kwetu Kongo. Baden-Powell mwenyewe alimalizia maisha yake katika Afrika: alikufa mwaka 1941 huko Nyeri, katika nchi ya Kenya, na kaburi lake liko huko.

Kambi isiyo na kitu

Ili tuelewe vema kambi ya namna hii, twende kidogo Marekani, katika jimbo la Arkansas. Huko unapita mto uitwao Buffalo, katikati ya milima ya Ozark. Kando yake husimama majabali marefu, na maji yake ni safi hata waweza kuhesabu mawe ya chini. Zamani walikuwako watu waliotaka kuuzuia mto huo kwa mabwawa makubwa, na wengine walioshindana nao kwa miaka mingi ili mto ubaki kama ulivyo. Mwisho, katika mwaka 1972, serikali ya Marekani iliuweka chini ya ulinzi wa taifa. Ulikuwa mto wa kwanza katika nchi ile kupewa heshima hiyo, nao hulindwa kwa urefu wa kilomita zaidi ya mia mbili.

Watu hushuka mto huo kwa mitumbwi myepesi, na jioni huvuta mitumbwi yao nchi kavu, wakapiga mahema juu ya kingo za changarawe. Ziko kambi zilizotengenezwa vizuri, lakini ziko nyingine zisizo na kitu. Hakuna bomba, hakuna taa, hakuna duka. Pengine utakuta choo cha shimo na mahali pa kukokea moto, basi. Utakachokula umekuja nacho, na takataka zako utaondoka nazo. Chupa za kioo zimekatazwa huko, maana kipande kimoja tu katika mchanga chatosha kumpasua mtoto mguu.

Mtu wa kwetu akisikia hayo, huenda akacheka. Atasema: «Kumbe Wazungu husafiri siku nzima kwenda kutafuta maisha tuliyo nayo sisi kijijini kila siku! Mama yangu huteka maji mtoni, hupika kwa kuni, na taa hana. Naye apige kambi ya nini?» Neno hili lina haki yake, wala sitalipinga. Mama yule hahitaji kambi, anahitaji bomba la maji karibu na mlango wake.

Lakini tuwatazame watoto wa Bukavu, wa Goma, wa Lubumbashi. Wengi wao hawajawahi kukoka moto wenye kuni mbichi, wala kulala pasipo kelele za magari. Kambini mtoto wa bwana mkubwa na mtoto wa mchuuzi wa ndizi huchota maji kwa ndoo moja. Huko hujifunza kwamba ugali haujipiki wenyewe, na kwamba mtu mvivu mmoja huwalaza wenzake wote na njaa. Na mtoto wa kijijini, ambaye darasani huwa wa nyuma, kambini hugeuka kuwa mwalimu wa wenzake. Mimi ni shahidi wa jambo hilo, kama mtakavyoona.

Kazi za kila siku

Kambi njema haiji yenyewe. Siku ya kwanza yafaa kugawa kazi: hawa wa kuni, hawa wa maji, hawa wa jikoni, hawa wa usafi, na kila siku wabadilishane. Mlango wa hema usielekee upepo. Kamba zikazwe kabla ya giza, na zitazamwe tena kabla ya kulala, maana umande na mvua hulegeza vilivyokazwa mchana. Moto uwe mbali na mahema, na usiku uzimwe kwa maji mpaka majivu yapoe kabisa.

Maji ya mto, hata yakiwa meupe kama kioo, yasinywewe hivi hivi. Yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu muda wa dakika moja nzima. Milimani, panapozidi kimo cha mita 2000, yatokote dakika tatu, maana huko maji hutokota kabla ya kupata moto wa kutosha. Choo kiwe mbali na mto, hatua themanini au zaidi. Pasipo na choo, kila mtu achimbe shimo lenye kina cha sentimita 15 mpaka 20, na kulifukia vizuri. Tukumbuke kwamba chini yetu wapo watu wengine watekao maji hayo hayo.

Hapa kwetu tuna mambo mengine ambayo wenzetu wa Arkansas hawana. Kila mtoto awe na chandarua, kwa sababu mbu wa malaria huuma usiku. Pasiogewe mahali ambapo maji yametulia katikati ya majani, maana konokono wenye kuleta kichocho hupenda kukaa hapo. Tena mtu asipige hema katika njia ya viboko. Kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni, na akikuta kitu katikati yake na maji, haulizi hodi.

Mambo hayo yote nilikuwa nikiyajua tangu ujana wangu. Niliyasoma, nikayaandika, nikayafundisha. Nilidhani kwamba ninajua vya kutosha.

Usiku niliofundishwa na mwanafunzi

Yapata miaka kumi iliyopita, nilipokuwa ningali mgeni katika kazi ya ualimu, niliwaongoza wavulana kumi na wanane katika kambi ya likizo ya Pasaka. Tulikwenda kando ya mto mmoja ushukao kutoka milimani kuingia katika uwanda wa Ruzizi. Mto wenyewe ulikuwa mdogo, mtoto aliweza kuuvuka bila kulowesha magoti. Kando yake palikuwa na changarawe safi, iliyolala sawasawa kama sakafu, penye nafasi ya mahema yetu manne. Mahali pengine pote palikuwa na miiba na majani marefu. Nikasema: «Hapa ndipo.» Tena nilijivuna moyoni kwa kupaona upesi hivyo.

Tulipokuwa tukikaza kamba, mvulana mmoja wa darasa la tano, mtoto wa mkulima, mkimya sana darasani, alisimama chini ya mti akitazama juu. Akaniuliza: «Mwalimu, majani haya makavu yalifikaje huku?» Nikatazama. Katika matawi, juu kuliko kichwa changu, vilining'inia nyasi, vijiti na kipande cha nguo kuukuu, vyote vimejisokota kuelekea upande mmoja. Nilikuwa nimesoma miaka mingi, na nilizoea kuwa na jibu kwa kila swali. Nikamwambia: «Ni upepo.» Naye akanyamaza, maana mtoto aliyelelewa vema hambishii mwalimu wake.

Siku ile kwetu uwandani jua liliwaka. Milimani tu yalionekana mawingu meusi, na jioni umeme ukimetameta kwa mbali bila sauti. Wavulana walifurahi kuutazama. Kwetu halikuanguka hata tone moja. Tulisali sala ya usiku, tukalala.

Saa tisa za usiku hivi niliamka, nisijue kilichoniamsha. Kisha nikafahamu: sauti ya mto ilikuwa imebadilika. Jioni ulikuwa ukinong'ona, sasa ulikuwa ukinguruma, na ndani ya mngurumo ule nilisikia mawe yakigongana. Nilitoka na tochi. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo, tena yamekwisha fika kwenye vigingi vya hema la kwanza.

Nilipiga kelele, wote wakatoka. Lakini kwenda wapi? Mimi sikuwa nimetazama njia yo yote mchana, na giza lilikuwa zito. Yule mvulana wa darasa la tano akawashika mikono wadogo wawili akaita: «Huku!» Kumbe yeye alikuwa ametafuta njia ya kupanda kilima kabla jua halijatua, asimwambie mtu. Tulimfuata wote katika miiba. Juu nikawahesabu: kumi na saba. Nikahesabu tena: kumi na saba.

Mmoja alikuwa amerudi kuchukua viatu vyake. Viatu vyenyewe havikuwa vyake, alikuwa ameviazima kwa kaka yake, akaogopa kurudi nyumbani bila hivyo. Nilishuka mbio, nikamkuta ameshikilia nguzo ya hema, maji yakimfika mapajani, viatu vimefungwa shingoni. Jinsi nilivyomfikia sikumbuki vizuri. Nakumbuka tu kwamba nilimshika shati, nikahisi mchanga ukiondoka chini ya nyayo zangu, na mkono wa mtu ukanivuta kwa nyuma. Ulikuwa mkono wa mvulana yule yule.

Kulipokucha tulitazama chini. Ile sakafu ya changarawe haikuwako tena. Mahema mawili, sufuria zote na gunia la unga vilikuwa vimechukuliwa. Watoto walikuwa kumi na wanane.

Tuliporudi niliwaita wazazi, nikawaambia ukweli wote, kwa maana wavulana wangeueleza hata nisingeueleza mimi. Mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole: «Mwalimu, kabla ya kuwalaza watoto pale, ulimwuliza nani?» Nikamjibu: «Sikumwuliza mtu, mama.» Hakusema neno jingine. Afadhali angenikaripia.

Misiba iliyotokea kwingine

Tangu hapo nilianza kusoma habari za kambi na mafuriko, nikaona kwamba kosa langu si geni duniani. Wengine walilifanya wasipate nafasi ya kuhesabu mara ya pili.

Katika jimbo hilo hilo la Arkansas, katika milima ya Ouachita, kuna mahali paitwapo Albert Pike, kando ya mto Little Missouri. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Juni 2010, jamaa nyingi zilikuwa zimelala huko katika mahema na katika magari yao. Mvua kubwa ilinyesha juu ya vilima vilivyo karibu. Kipimo cha mto kilionyesha kwamba saa nane za usiku maji yalikuwa na kimo cha mita moja na kidogo, na saa kumi na moja na nusu alfajiri yamepita mita saba. Wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wametoa onyo, lakini katika bonde lile simu hazikushika, na hapakuwa na king'ora cha kuwaamsha watu. Wakafa watu ishirini, wakiwamo watoto. Kwa miaka mingi baada ya msiba huo ilikatazwa kulala mahali pale.

Katika nchi ya Hispania, karibu na mji wa Biescas, chini ya milima ya Pirenei, kambi moja ilikuwa imejengwa mahali ambapo kijito cha Arás hutoka katika korongo na kutandaza mawe yake. Palikuwa pazuri, tambarare, penye miti. Lakini utambarare ule ulitengenezwa na kijito chenyewe, kwa mafuriko ya karne nyingi. Mtaalamu mmoja wa misitu alikuwa ametoa onyo kwa maandishi, hakusikilizwa. Jioni ya tarehe 7 Agosti 1996 mvua kubwa ilianguka milimani, kijito kikarudi mahali pake, na watu 87 wakafa. Mwaka 2005 mahakama iliwahukumu wakuu wa serikali kulipa fidia kwa jamaa za wafu.

Tarehe 4 Julai 2025, katika jimbo la Texas, mto Guadalupe ulipanda kadiri ya mita nane katika muda wa dakika 45 hivi, wakati wa alfajiri. Katika kambi moja ya wasichana walikufa watoto na walezi wao 27, nao hawakulala hemani bali katika nyumba za mbao na mawe. Katika jimbo zima walikufa watu zaidi ya 130.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya ng'ambo tu. Nani kwetu asiyekumbuka Uvira, mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobomoa nyumba na daraja? Nani asiyekumbuka Kalehe, tarehe 4 Mei 2023? Siku ile mito ishukayo kwenye ziwa Kivu ilivamia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, ikaua watu zaidi ya mia nne. Hao hawakuwa wapiga kambi. Walikuwa nyumbani kwao, na wengine walikuwa wamekuja sokoni. Lakini sababu ni ile ile: mvua milimani, mabonde ya mteremko mkali, na watu waliokaa katika njia ya maji.

Mto una nyumba mbili

Nikitaka kuwaeleza wanafunzi wangu jambo hili, huwaambia hivi: mto una nyumba mbili. Ya kwanza ni nyumba yake ya kiangazi, ile nyembamba tunayoiona kila siku. Ya pili ni nyumba yake ya masika, iliyo pana, na huenda mto usiingie humo kwa mwaka mmoja, au miaka mitano, au ishirini. Lakini haiachi iwe ya mwingine. Changarawe safi, mchanga laini, mahali pasipo miti mikubwa: hicho ndicho chumba cha pili cha mto, naye ndiye aliyekifagia. Mimi nililala katika nyumba ya mtu, nikashangaa mwenye nyumba aliporudi usiku.

Nguvu ya maji yaendayo mbio si jambo la kubishana nalo. Maji yenye kina cha sentimita 15 tu yaweza kumwangusha mtu mzima, na yenye kina cha sentimita 60 huchukua motokari nyingi. Tena hatari haitokani na mvua inyeshayo juu yako, bali na ile inyeshayo mbali, mahali ambapo mto unatoka. Milima ikiwa na miamba, au ikiwa imekatwa misitu yake, maji hayanywewi na udongo. Yote hushuka mara moja na kukusanyika katika bonde moja.

Basi yatupasa kuangalia nini? Kwanza, tusome alama. Tutazame matawi kama yana nyasi na takataka zilizonaswa, tutazame magome ya miti kama yana mstari wa matope, tutazame vijiti vilivyolundikana nyuma ya mawe makubwa. Hema lipigwe juu ya alama hizo, si chini yake.

Pili, tuwaulize wenyeji: wavuvi, wakulima, wanawake watekao maji. Kuuliza si ujinga. Tusiwaulize tu: «Hapa ni pazuri?» Tuwaulize: «Maji yalipofurika vibaya kuliko siku zote, yalifika wapi?»

Tatu, njia ya kukimbilia ijulikane kabla ya jua kutua, na kila mtoto aipite kwa miguu yake mara moja. Nne, mawingu yakiwa milimani, mtu mmoja akeshe kwa zamu, achomeke kijiti ukingoni na kukitazama kila nusu saa. Maji yakipanda, yakigeuka rangi, yakianza kuleta majani na matawi, au sauti yake ikibadilika, hakuna kungoja. Tano, mtu akikimbia, akimbie kupanda juu, asijaribu kuvuka wala kufuata bonde. Na cho chote kilichobaki hemani kiachwe. Viatu hununuliwa.

Jibu ninalowapa sasa

Vijana wakiniuliza leo: «Mwalimu, tutapiga kambi wapi?» bado huwaambia: «Kando ya mto.» Sikutaka hofu yangu iwanyime furaha ile. Lakini tukifika, mahema hubaki yamefungwa. Kazi ya kwanza ni kutembea wote pamoja, wakubwa kwa wadogo, kutafuta alama za maji. Aliye na neno hulisema, na tunakwenda kutazama alilotuonyesha, hata akiwa mdogo kuliko wote. Kisha tunapanda mahali penye miiba na majani marefu, tunafyeka jasho likitutoka, na mto tunausikia kutoka chini. Pengine wageni hutucheka, wakiona changarawe nzuri imeachwa tupu.

Mvulana yule wa darasa la tano amekuwa mtu mzima sasa. Siku moja tulikutana njiani, nikamwomba msamaha kwa jibu langu la upepo. Akacheka, akasema: «Mwalimu, hata mimi sikuwa na hakika. Ndiyo maana niliuliza.»

Wazazi na walimu wenzangu, tukiwapeleka watoto kando ya mto, tusiwaache nyuma maswali yao. Tuyasikilize kabla ya kupiga kigingi cha kwanza.